Alhamisi za Kubandika Sheria

Nitamwita Wakili, maana Nachingwea nzima hakuna aliyemwita vinginevyo. Mkewe, Mungu amrehemu, alimwita Wakili. Muuza maandazi alimwita Wakili. Mimi aliniita Karani kwa miaka kumi na moja, na siku chache alizoniita kwa jina langu nilijua kuna kitu kimeharibika. Ukoo wake siujui vizuri na sikuwahi kuuliza. Ninachokijua ni meza yake, rafu yake, makopo yake, na jambo moja nililomtendea.

Nianze na vitabu, hata yeye angeanza navyo.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, katikati ya fundi cherehani na duka la pembejeo. Ukuta wote wa kushoto ulikuwa vitabu vya sheria, na vyote vilinuka salfa. Mgeni akiingia anakunja pua, anaangaza chini ya meza kutafuta mfuko wa dawa ya mikorosho uliopasuka. Hakuna mfuko, bwana. Ni vitabu.

Sababu yake ni hii. Sheria haitulii. Bunge likikaa linafuta maneno haya na kuweka yale, na kitabu ulichonunua kwa jasho lako kinaanza kusema uongo kikiwa rafuni. Mawakili wa mijini wananunua kipya. Wakili wetu alibandika. Mabadiliko yalikuja kwa basi kutoka Dar yamefungwa kwenye bahasha ya kaki, mimi nikayachapa kwenye vipande vya karatasi nyembamba, na kila Alhamisi ofisi ilifungwa kwa wateja, tukakaa mkekani kubandika kila kipande kwenye kifungu chake. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa muhogo. Niliupika mwenyewe uani kwa jiko la mkaa, nikatia na kijiko cha salfa kutoka duka la jirani ili mende wasiule.

"Mende wa Nachingwea ni msomi," alikuwa akisema. "Ukimwacha, ataanza na sheria ya ardhi."

Kila kipande tulichobandika kilikuwa na kijikaratasi kinachotokeza juu ya kitabu. Alikiita ulimi. Vifungu vya zamani alikuwa navyo vyote kichwani, kwa hiyo hakuhitaji kusoma kitabu kizima. Alipitisha kidole juu ya kurasa akitafuta ndimi tu. Penye ulimi, sheria imebadilika, anafungua anasoma. Pasipo ulimi, sheria ni ile ile anayoijua. Na alikuwa na amri moja ambayo hata mkewe aliijua: kitabu kilichobandikwa kinaachwa wazi dirishani mpaka gundi ikauke kabisa, hata kama ni siku nzima. Hakuna kufunga kitabu kibichi. Nilimsikia akisema hivyo mara mia, nami mara mia nikamwitikia, "Ndiyo, Wakili."

Sasa makopo. Watu walicheka sana kwa ajili ya makopo. Kesi ikiisha na mtu hakuridhika, sheria inampa siku kadhaa za kukata rufaa, zikipita zimepita. Mawakili wengine huandika kwenye shajara. Yeye alichukua kopo la maziwa ya unga, akaandika jina la mteja kwa kalamu nene, akahesabu korosho za kukaanga sawasawa na siku alizopewa, akazitia ndani. Kila asubuhi, kwa chai ya rangi, alikula korosho moja kutoka kila kopo. Akiwa na kesi sita, alipata kifungua kinywa kizuri. Akiwa na moja, alinuna mpaka saa nne.

"Shajara unaweza kusahau kuifungua," aliniambia siku yangu ya kwanza, nilipojifanya mjuaji. "Tumbo huwezi kusahau."

Na kanuni yake ilikuwa kwamba rufaa inapelekwa kopo likiwa na korosho kumi. Hakungoja tisa. Zile kumi zilizobaki, rufaa ikishapokelewa, alinipa mimi. Nilinenepa kwa rufaa za watu, na sisemi utani.

Alikuwa mchoyo, nalo liandikwe. Sukari ya ofisini ilikaa kwenye droo yenye kufuli. Kitabu hakumwazima mtu hata kwa maandishi. Lakini wazee waliotoka vijijini bila kitu aliwasimamia kesi, kisha akakasirika wakimshukuru. Mteja aliyemzidi umri alimpa shikamoo yeye, na suti yake, na tai yake, huku mteja akiangalia nyuma kuona nani anaamkiwa. Wale waliokwama kwenye Kiswahili aliongea nao Kimwera, polepole, bila kile Kiswahili cha mahakamani kinachomfanya mtu ajione mshitakiwa kabla hajashitakiwa.

Wakati mmoja, asubuhi moja, walikuja watu wawili kwa kesi ile ile. Mmoja mkulima wa Mbwemkuru, ufuta wake umeliwa. Mwingine mfugaji, mmoja wa wale waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa, ng'ombe wake ndio walioula. Kila mmoja alitaka kumwahi Wakili kabla ya mwenzake, wakakutana mlangoni. Nikajua leo pana vita. Wakili akawakalisha benchi moja, akachukua kitabu, akawasomea kifungu chote, na baada yake kifungu kinachomgeuka kile cha kwanza.

"Mzee, ng'ombe wangu hawajui kusoma," mfugaji akasema.

"Na ufuta wangu hauna miguu ya kukimbia," mkulima akamjibu.

Wakili akacheka mpaka akakohoa. Akafungua ile droo ya kufuli, akatoa sukari, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akaagiza chai. Saa sita walitoka wamekubaliana fidia na njia ya mifugo, wanazungumzia mvua.

"Tumepoteza wateja wawili kwa mkupuo," nikamwambia. "Leo tutakula nini, Wakili?"

"Kuna korosho," akasema, akarudi kwenye kitabu chake.

Jambo lingine nataka mlishike. Mtu akimdanganya, Wakili hakumkatalia. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba ni mwongo, si shahidi, si mteja, si mimi nilipochelewa nikasingizia pancha. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, taratibu, kioo kimoja baada ya kingine, akaivaa, akasema, "Haya. Nimesikia." Basi. Ukisema kweli, miwani haiguswi. Niliwahi kumwona mteja mmoja akiifuata ile miwani kwa macho, ilipofika kioo cha pili akaanza kulia na kusema yote.

Kasoro yake kubwa ilikuwa ukaidi. Wilaya ya jirani, Ruangwa, kulikuwa na wakili kijana, mtoto wa watu, mwenye adabu zake. Huyo alikuwa na sheria zote kwenye simu, na kabatini ana vitabu vipya ambavyo havina kipande hata kimoja kilichobandikwa. Alimwambia mzee mara nyingi kwamba awe anapitia kwake kuangalia, hata kwa kupiga simu tu.

"Simu yako ikiisha chaji, sheria inasimama kungoja umeme?" mzee akamwuliza.

"Basi vitabu, mzee wangu. Vitabu havina chaji."

"Mimi na hivi vyangu tumezeeka pamoja. Vinanijua."

Na macho yake yalikuwa yamekwisha kuanza kufifia. Mimi nilijua, kwa sababu barua zake za karibuni niliziandika kwa herufi kubwa na hakuuliza kwa nini. Tungekuwa watu wazima pale ofisini, mmoja wetu angesema neno. Hakusema yeye, sikusema mimi.

Sasa nimefika kwa Mama wa Ruponda, na hapa huwa najisikia kuacha.

Alikuja wakati mikorosho inachanua, mjane, mwembamba, ameshika bahasha aliyoifunga kwenye kanga. Wakili akampa shikamoo. Mumewe alikuwa amekufa, na shemeji yake akaliuza shamba lote kwa mgeni mwenye uwezo, kama vile mle ndani hakuna mtu. Alizungumza Kimwera, Wakili akanitafsiria ili niandike. Nikachapa mikorosho, mipaka, majina ya mashahidi. Yule mama akanyoosha mkono akauweka juu ya karatasi yangu, akasema jambo, na Wakili akalitafsiri.

"Anasema usiandike mikorosho kwanza. Mumewe amezikwa mle shambani, na mtoto wao wa kwanza. Alikwisha kuchagua mahali pake, katikati yao. Yeye anagombea mahali pa kulala."

Nikaandika hivyo hivyo. Ndiyo ilikuwa kesi yenyewe. Mnunuzi alikwisha kusema kwamba hataki kaburi jingine ndani ya mali yake.

Kwenye Baraza la Ardhi tulishindwa. Wakili hakutikisika, alisema hoja yetu nzuri inahitaji jaji, na rufaa itakwenda Mahakama Kuu, Mtwara. Akachukua kopo jipya. Akapitisha kidole juu ya kitabu cha sheria ya ardhi, penye kile kifungu hapakuwa na ulimi, akahesabu korosho kwa sheria aliyoijua tangu ujana wake. Mama wa Ruponda akaangalia korosho zinavyoingia moja moja. Wakili akamwambia zote hizo ni siku zake, asiwe na wasiwasi.

Ulimi ulikuwepo. Niliukata na kuubandika kwa mkono wangu.

Miezi michache nyuma, Alhamisi moja, Wakili yuko safarini kikazi, mimi peke yangu mkekani. Nilikuwa nimebandika nusu ya bahasha ilipokuja simu ya dada yangu: jina langu limetoka, nimeitwa kwenye usaili wa ukarani wa mahakama, kesho asubuhi, Lindi, na gari la mwisho linaondoka sasa hivi. Kazi ya serikali! Nilikuwa nimeomba mara nne. Nikasimama na gundi mikononi. Kitabu cha ardhi kilikuwa dirishani, kibichi, na wingu limeanza kujikusanya. Nikasema nikikiacha kitalowa. Nikakifunga. Nikakirudisha rafuni nikakimbia stendi, naapa hata mkeka sikuukunja.

Niliporudi nilisahau. Ndiyo hivyo, sina maneno mengine ya kulipamba. Kurasa mbili zilikuwa zimeshikana, na kipande changu kiko ndani pamoja na ulimi wake uliokunjika. Kipande kile kilisema kwamba siku za kukata rufaa zimepunguzwa kwa siku kumi na tano.

Wakili alipeleka rufaa kopo likiwa na korosho kumi, kama desturi yake. Kwa hesabu yake, amewahi siku kumi. Kwa sheria mpya, amechelewa siku tano.

Pingamizi la upande wa pili lilipofika ofisini, mimi ndiye niliyelifungua. Nilisoma ile idadi ya siku nikaikumbuka, niliichapa mwenyewe. Wakili alikuwa ameenda kuswali adhuhuri. Nikatoa kitabu, nikajaribu ukurasa kwa ukucha, ukang'ang'ana. Nikauona ulimi kwa ndani, kivuli chake tu. Nikakirudisha rafuni. Nikakaa kwenye kiti changu nikaweka karatasi kwenye mashine ya kuchapa.

Kesho yake akaja yule wakili kijana wa Ruangwa, alikwisha kusikia. Alikaa kwenye kiti cha mteja, akaongea kwa upole kabisa.

"Mzee wangu, njia iko moja. Tuombe kuongezewa muda. Lakini jaji atataka sababu ya maana. Kama ni karani aliyekosea kitu, kwa bahati mbaya, aape kiapo aeleze ilivyokuwa. Jaji ni binadamu, anaweza kutuelewa. Ukisema ni wewe, amekwisha kukukatalia. Uzembe wa wakili hausamehewi."

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao. Barua ya kuniita kazini ilikuwa kwenye mkoba wangu, imefika wiki ile, nianze mwezi ujao, na Wakili nilikwisha kumwonyesha. Nani angemwajiri karani wa mahakama ambaye kiapo chake cha uzembe kiko kwenye jalada la mahakama hiyo hiyo? Nilisikia fundi cherehani akikanyaga mashine yake upande wa pili wa ukuta. Wakili hakujibu. Alikaa akitazama makopo yake, akakaa, akakaa, mpaka kijana akadhani hakusikia akataka kurudia.

"Sina karani aliyekosea," Wakili akasema.

Jamani, hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusimama. Nilipiga herufi moja kwenye mashine, sijui ipi, ili nionekane nina kazi.

Tulikwenda Mtwara watatu, mimi nimebeba vitabu kwenye boksi, Mama wa Ruponda amevaa kanga mpya. Jaji aliuliza sababu ya kuchelewa. Wakili akasimama, mkono mmoja juu ya meza kujishikilia.

"Mheshimiwa Jaji, sababu ni mimi. Nilisoma sheria iliyokwisha kubadilika."

Jaji alimtazama muda mrefu. Nadhani alimpa nafasi aongeze kitu. Wakili akakaa. Haikuchukua hata robo saa, ombi likakataliwa. Mama wa Ruponda akanivuta mkono, akaniuliza kwa kile Kiswahili chake kidogo, "Mwanangu, kasema nini?"

"Kasema tusubiri nje," nikamwambia.

Nje, Wakili alichuchumaa mbele ya benchi alilokaa yule mama, na suti yake ile, akamwambia kwa Kimwera. Sikuhitaji tafsiri. Yule mama hakulia wala hakulaumu. Aliuliza swali moja, fupi. Ndani ya gari nilimwuliza lilikuwa swali gani. Akaangalia dirishani.

"Ameniuliza, basi nitalala wapi."

Mwezi ulipofika nikaaga. Alinipa mkono, akaniita kwa jina langu, akasema niwe mwangalifu na kazi za watu. Korosho kumi za lile kopo hakunipa, na sikuuliza. Haukupita mwaka akafunga ofisi. Nilisikia watu wakisema amechoka, wengine wakisema amechanganyikiwa, wengine kwamba ni macho. Binti yake akamchukua akakae naye Malolo.

Mimi nilikaa masjala, dirishani, napokea rufaa za watu. Nagonga mhuri. Aliyechelewa namwambia amechelewa. Kila nikilisema neno hilo nauona mkono wa yule mama juu ya karatasi yangu. Miaka imepita, nimepanda cheo, nimejenga, nimeolewa, nimehamishiwa Ruangwa, na yote hayo yamesimama juu ya lile kopo. Kutoka Ruangwa hadi Malolo si mbali. Sikwenda.

Mwaka huu vimetoka vitabu vipya. Sheria zimepangwa upya zote, kila badiliko limeingizwa mahali pake, kurasa safi, jalada gumu. Mawakili wanapiga simu kuviulizia kila siku. Vyetu vilipofika masjala nilifungua boksi mwenyewe. Nikatoa kitabu cha ardhi, nikafungua ule ukurasa, ukafunguka kwa kidole kimoja. Idadi ya siku iko pale, imepigwa chapa, hakuna cha kubandika. Nikaenda chooni nikajifungia, nikalia mpaka mlinzi akaja kubisha hodi.

Wiki iliyofuata nikaagiza nakala yangu kutoka Dar. Jumamosi nikapanda bodaboda kwenda Malolo.

Nilimkuta barazani, amekaa kwenye kiti cha kamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu ingawa tai hakuna. Miwani anayo usoni, lakini macho hayafuati kitu tena. Binti yake akaniambia haoni kabisa sasa, ila akili ni nzima, nisimfokee kama kiziwi maana hapendi.

"Shikamoo, Wakili."

"Marahaba, Karani," akasema papo hapo. "Umekawia."

Nikampa kitabu mapajani. Alikipapasa jalada, akapitisha kidole juu ya kurasa kutoka mwanzo hadi mwisho, akitafuta ndimi. Akakinusa.

"Hakina salfa," akasema.

"Kipya hiki, Wakili. Zote ziko ndani. Hakuna kubandika tena."

"Kwa hiyo Alhamisi mnafanya nini?"

Nikacheka. Akaniambia nimfungulie pale. Hakutaja kifungu, wala sikuuliza kipi. Nikafungua nikamsomea taratibu kifungu kizima, na zile siku. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Nilipomaliza akamwita binti yake amletee kopo. Likaja, lina kutu ukingoni, na yale maandishi ya kalamu nene bado yanasomeka. Akanipa. Ndani mlikuwa na korosho kumi, nyeusi, zimetobolewa na wadudu, na unga wake chini. Nilizihesabu ingawa sikuhitaji.

"Wakili," nikasema. "Mimi ndiye niliyefunga kitabu kibichi."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile lilipokuja pingamizi. Nilirudi kutoka msikitini nikalisoma, na jioni ulipoondoka nikachemsha birika, nikaufungua ule ukurasa kwa mvuke. Kipande kilikuwa kimepigwa chapa vizuri, hakina kosa hata moja. Ulikuwa karani mzuri."

"Kwa hiyo yule kijana alipouliza, ulikuwa unajua!"

"Nilinyamaza, hukumbuki? Nilinyamaza sana." Alinyoosha mkono kutafuta kopo, nikampa. "Nilikuwa nakusubiri wewe useme."

Niliangalia yale maandishi ya kalamu nene.

"Nikaona husemi. Nikasema nikimtaja, kazi imeota mbawa, naye ametafuta miaka. Nikisema ni mimi, mama yule amekwisha. Nikachagua." Alikuwa akiongea kama anayesoma hukumu ya mtu mwingine. "Haikuwa haki yangu kuchagua, Karani. Wakili ni wa mteja wake. Nilimchukulia mama yule mahali pake nikakupa wewe kazi. Na hayakuwa makosa yako peke yako, mimi nilikuwa kipofu ninayejidai naona. Lakini nilichagua, na najua nilichochagua."

Nikashuka kwenye kigoda nikakaa chini, sakafuni, nikamshika miguu. Nikamwomba radhi kwa maneno yote niliyokuwa nayo. Aliweka mkono kichwani kwangu kama mtu anayeshika mlango usifunguke na upepo. Binti yake alichungulia akarudi ndani.

Kuku walipita. Halafu akauliza lile ambalo nilikuwa nimelibeba kutoka Ruangwa, nikiomba njia nzima asiliulize.

"Mama wa Ruponda yu hai?"

"Amefariki, Wakili. Mwaka juzi."

"Inna lillahi." Akasogeza kopo kifuani. Kisha, taratibu, "Walimzika wapi?"

Nilijua walipomzika. Mtu wa Ruponda aliyeleta nyaraka dirishani kwangu ndiye aliyenisimulia. Mnunuzi alikataa, wazee wakaenda kumbembeleza akakataa tena, jeneza linasubiri. Wakamzika makaburi ya kijijini, pembezoni, karibu na barabara, mbali na mumewe na mtoto wake. Wakati wanampitisha, waliuzunguka uzio wa lile shamba kwanza, mzunguko mmoja, ili apaone.

Nilimtazama yule mzee na lile kopo lake.

"Mle mle shambani," nikasema. "Mnunuzi alilegea mwishoni. Wamemlaza katikati yao, kama alivyotaka. Yuko vizuri, Wakili."

Aliweka kopo chini, pembeni ya mguu wa kiti. Akainua mikono yote miwili, akavua miwani. Akatafuta tai kifuani, haipo, akashika ncha ya shati lake. Akaifuta, kioo kimoja, halafu kingine, taratibu, miwani ya mtu asiyeona. Akaivaa.

"Haya," akasema. "Nimesikia."

Kisha akanitaja kwa jina langu, akaniambia nisome tena kile kifungu, kuanzia mwanzo.